Picha za Mama Hazijasafishwa

Mdogo wangu ni mpiga picha, na watu wote wanamwita Fleshi, hata mimi niliyembeba mgongoni. Studio yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Ina kigoda cha mbao, pazia la buluu, kioo kilichopasuka pembeni na kichana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Nyuma ya pazia kuna mlango mwembamba wa chumba cha giza, na ukiupita huo ndipo nyumba inapoanza: sebule, jiko, vyumba vya kulala na ua mdogo wenye kamba ya kuanikia nguo.

Zama hizo picha zilikuwa za filamu. Ukishapigwa unaambiwa urudi baada ya siku kadhaa, picha hazijasafishwa. Hilo ndilo neno tulilolitumia sote. Filamu ikitoka kwenye kamera ina picha ndani yake, lakini hazionekani mpaka itiwe dawa, ioshwe, ianikwe, kisha zitolewe kwenye karatasi. Kazi yote hiyo ni kusafisha. Na mteja akija kuchukua picha yake, kabla hata ya salamu anauliza, "Nimetoka?" Fleshi anamjibu, "Umetoka vizuri sana," hata kama mtu wa watu ametoka na jicho moja limefumba.

Mimi ni fundi wa kushona. Nilihamia hapo na cherehani yangu baada ya wifi yangu, mke wa Fleshi, kufariki. Aliugua ghafla, akaondoka kabla hatujajua tunachouguza. Alituachia mtoto wa kike wa kuanza shule, tunamwita Kasuku, kwa sababu alikuwa anaanza kuongea kabla hajafumbua macho asubuhi. Nilikuja ili mtoto asikae na baba yake peke yake, maana Fleshi akiwa na huzuni anasahau kwamba watu wanakula.

Wifi yangu huyo nilimpenda, na nilimtania mpaka mwisho. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa kidole. Ukimpa kamera, kidole chake lazima kiingie mbele ya lenzi. Fleshi alimfundisha, akambembeleza, akamfokea, wapi. Mwishowe akampa kamera yake ya zamani aharibu filamu kwa raha zake. Basi ikawa akisikia kamera inalia huko jikoni, yeye akiwa studio na mteja, anapaza sauti: "Toa kidole!" Na wifi anajibu huku anacheka, "Nimeshatoa!" Hakuwa ametoa.

Na alichokuwa anapiga ndicho kilichomchosha mumewe zaidi. Sufuria. Viatu mlangoni. Mtoto akiwa amempa kisogo. Fleshi alikuwa akizisafisha siku akipata nafasi, anaziangalia, anauliza, "Sasa hii ni picha ya nini?" Halafu anazitupa. Kwenye albamu ya familia haikuingia hata moja. Albamu aliitengeneza yeye, na humo watu wote wamekaa juu ya kile kigoda mbele ya pazia la buluu, kidevu juu, hawapumui. Wifi alikuwa akiifungua anasema, "Baba Kasuku, hapa nimekuwa kama nimeulizwa hesabu na mwalimu mkali."

Alipofariki, ile kamera ya zamani ilibaki inaning'inia kwenye msumari wa jikoni, na filamu ndani yake.

Kasuku hakuisahau. Kila alipoingia jikoni aliuliza, "Baba, mama yumo kwenye kamera?" Na Fleshi akamjibu jibu lile lile, kwa sauti ile ile, "Picha za mama zipo. Hazijasafishwa tu."

Siku moja nilimbana. "Kwa nini huzisafishi? Wewe si fundi?"

Akaangalia pembeni. "Dada, nikizisafisha zitakuwa zimekwisha. Sasa hivi bado nina picha ambazo sijaziona."

Nikarudi kwenye cherehani yangu nikamwacha.

Jambo lenyewe lilitokea siku ambayo Fleshi alikuwa ameitwa kupiga picha nje, na mimi nimezama kwenye sare za shule za watu. Nikasikia maji uani na brashi inasugua. Nikafurahi. Nikasema moyoni, mtoto ameanza kufua soksi zake mwenyewe, Mungu mkubwa. Nikaendelea kushona.

Nilipotoka kuchukua uzi nikamkuta amechuchumaa mbele ya beseni lenye povu, mikono imelowa mpaka mabegani. Albamu ilikuwa wazi chini, imekwanguliwa kurasa zote. Kwenye kamba ya nguo, zimebanwa vizuri kwa vibanio, zilining'inia karatasi nyeupe zenye michirizi ya rangi ya chai. Pembeni yake alianika na vile vipande vya filamu ambavyo Fleshi alivihifadhi nyuma ya albamu, ambavyo kwavyo angeweza kuzitoa picha zile upya. Hivyo alivisugua kwa waya wa masufuria. Vilikuwa vinapitisha mwanga kama vioo.

"Shangazi," akaniambia kwa fahari, "nimezisafisha picha za mama zote. Hizi nyeusi ndizo zilikuwa chafu kabisa, mama alikuwa na meno meusi."

Kisha akabandua karatasi moja kwenye kamba ili anionyeshe. Akaigeuza huku. Akaigeuza na huku. Akachungulia ndani ya beseni.

"Shangazi," akasema polepole, "mama ametoka."

Nilipiga kelele, sitadanganya, na kelele zangu majirani wanazijua. Lakini mtoto hakuniangalia mimi. Aliendelea kuangalia lile povu.

Fleshi aliporudi alisimama mbele ya kamba muda mrefu na begi lake begani. Hakufoka wala hakumgusa mtoto. Alifungua kibanio kimoja kimoja, akazipanga zile karatasi kwa ukubwa wake, akaingia nazo chumba cha giza na kufunga mlango. Kasuku alikaa nje ya mlango ule akisubiri kipigo, na kipigo hakikuja. Heri kingekuja, kwa sababu mtoto akipigwa analia, na akilia yanaisha.

Tangu siku hiyo Kasuku akanyamaza. Ukimwita anakuja, ukimtuma anakwenda, ukimuuliza anatikisa kichwa. Nyumba ikawa na sauti ya cherehani tu. Sikuwahi kujua kwamba kimya cha mtoto kinaweza kuumiza masikio.

Nyumbani kwao wifi tuliuliza, wakasema nao walikuwa wanategemea albamu yetu. Ikabaki picha ndogo ya kitambulisho, ambamo wifi ametumbua macho kama aliyekutwa na kuku wa mtu. Nilimwonyesha Kasuku. Akatikisa kichwa: huyo siye.

Nikamwambia Fleshi, "Basi piga picha mpya za hapa nyumbani. Mtoto aone kwamba hatujaisha." Akakubali kwa shingo upande. Akatundika shuka jeupe sebuleni, akaleta kigoda, akatukalisha. "Tulia. Inua kidevu. Usipumue." Kila alipobonyeza, Kasuku alifumba macho. Fleshi akatoa shuka, akaweka maua. Akafungua madirisha, akatuhamishia kwenye kochi, akanivalisha mimi hereni. Kasuku akaendelea kufumba macho. Kwenye picha zile naonekana mimi na hereni zangu kama mgeni rasmi, na mtoto kama amelala.

"Nimeishiwa, Dada," Fleshi akasema, akakaa kwenye kigoda chake mwenyewe. "Nyumba hii naiona kila siku. Haina picha."

"Haina picha, au haina wa kuitazama?" nikamuuliza. Akaniangalia kwa jicho ambalo lilinifanya nijute kidogo, kidogo tu.

Mimi nilikuwa nimeanza kuona jambo lingine. Kasuku alikuwa anaoga mwili, ananawa mikono na miguu, lakini uso haugusi. Mwanzoni niliona ni uvivu. Halafu tongotongo zikawa zinakaa mpaka mchana, na mwalimu wake akaniuliza kama nyumbani maji yamekatika. Hapo nikaona ananidhalilisha. Asubuhi iliyofuata nikajikaza kisabuni kweli kweli: nikamshika mkono, taulo begani, sabuni mkononi, nikamwinamisha juu ya beseni.

Akapiga ukelele. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu siku ile.

"Usinisafishe, Shangazi! Usinisafishe! Nitatoka!"

Sabuni ikaniponyoka. Nikakaa chini pale pale kwenye maji, nikamvuta mapajani, nikalia. Nililia kwa ajili yake, na kwa ajili ya wifi, na kwa sababu mtoto alikuwa amebeba kitu hicho kichwani peke yake muda wote huo na sisi watu wazima tunahangaika na hereni. Yeye hakulia. Alikuwa ameufunika uso kwa mikono yote miwili, anaulinda.

Nilipoinuka nilikwenda moja kwa moja studio. Kulikuwa na mteja juu ya kigoda, mzee wa watu na tai yake.

"Leo unasafisha ile filamu," nikamwambia Fleshi, "na mtoto atakuwepo anaangalia."

"Dada, nina mteja."

"Mteja ashushe kidevu apumzike."

Mzee akashusha kidevu. Nikamweleza Fleshi nilichosikia, neno kwa neno, mbele ya yule mzee, maana nilikuwa nimepita mahali pa kuona haya. Fleshi akaiweka kamera chini taratibu.

"Anaogopa sabuni kwa sababu ya neno la kazi yako," nikamwambia. "Amejua maana yake moja tu. Mwonyeshe ya pili."

"Na kama imeungua?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Filamu imening'inia juu ya jiko muda wote huu, moshi na joto. Nikiisafisha ikatoka tupu, atamwona mama yake anapotea mara ya pili. Mbele yake. Ndani ya beseni lingine."

Yule mzee akakohoa na kusema atarudi kesho, akaondoka akifungua tai.

Fleshi aliichukua kamera kwenye msumari, akaizungusha filamu mpaka mwisho na kuingia nayo chumba cha giza peke yake, kwa kuwa hatua hiyo ya kwanza hufanyika gizani kabisa na mtoto asingeona kitu. Mimi na Kasuku tulikaa nje ya mlango. Alikuwa amenishika kidole kimoja. Alipotoka, Fleshi alikuwa na ile filamu mbichi mkononi, inadondosha maji. Akanivuta pembeni.

"Haijaungua," akaninong'oneza. "Picha zimo. Lakini yeye hayumo, Dada. Hayumo hata moja. Alikuwa anapiga yeye." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyezika mara mbili.

Nikamtazama Kasuku. Alikuwa ameshasimama, anatusubiri. Tungemwambia nini? Kwamba tuache?

"Ameshajua kwamba ataonyeshwa," nikasema. "Twende hivyo hivyo."

Filamu ilipokauka tukaingia chumba cha giza. Chumba kile hakina nafasi ya watu watatu, hasa mmoja akiwa mimi. Taa nyekundu iliwaka, na kwenye meza kulikuwa na sinia tatu za plastiki zenye dawa na maji. Kasuku alipoziona alirudisha mikono yake mgongoni. Fleshi akaiweka filamu kwenye mashine ya kukuzia picha, mwanga ukamulika karatasi kidogo, ukazimika. Akaichukua karatasi ile, nyeupe tupu kama zile zilizoning'inia kwenye kamba, na kuitelezesha ndani ya dawa.

Kasuku akaanza kurudi nyuma. Nikamhisi mgongo wake unanigonga tumboni.

"Tazama," Fleshi akamwambia. "Usiangalie mimi. Angalia karatasi." Akawa anaitikisa sinia polepole, kama anayembembeleza mtu.

Haikuwa na kitu. Ikaendelea kutokuwa na kitu. Halafu kukaja kijivu hafifu katikati, kama vumbi. Kijivu kikawa mstari, mstari ukawa mkono wa kochi. Fleshi akatokea amelala kwenye kochi mdomo wazi, na juu ya tumbo lake kandambili moja, na pembeni yake mtoto mdogo amejiziba mdomo kwa kicheko. Kila kitu kikawa kinapanda kutoka ndani ya maji, kinakuja juu, kinakaa. Kasuku alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Na kwenye kona ya juu, kikubwa, kinene, kimefifia, kikaja kidole.

Fleshi alivuta pumzi. Nilijua anachotaka kusema, maana alikuwa amekisema miaka yote ya ndoa yake. Hakukisema. Mtoto alimtangulia.

"Kidole cha mama," Kasuku akasema.

Akanyoosha kidole chake mwenyewe juu ya ile sinia, bila kugusa, akakilinganisha na kile cha kwenye karatasi. Kisha akageuka, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kabla ya kila kitu, ya kumkatiza mtu maneno.

"Baba! Mama ametoka!"

Fleshi aliishika meza. Alijaribu kumjibu kama anavyowajibu wateja, akaweza neno la kwanza tu. "Ametoka," akasema, na mabega yake yakaanza kutikisika kwenye ule mwanga mwekundu. Nikamwacha alie. Alikuwa hajalia tangu msibani.

Tulizitoa zote siku hiyo. Viatu vya Fleshi na vya mtoto mlangoni, kimoja kimelala juu ya kingine. Kasuku kwa nyuma, mabega yamepanda, anaosha kikombe. Shati la Fleshi kwenye kamba na mwanga umepita mkononi mwake. Meza baada ya chai, makombo, na mkono wa Fleshi umeshika kikombe kwa vidole viwili kama anavyoshika filamu. Na kila moja ina kidole, pengine kona ya kulia, pengine ya kushoto. Fleshi alizipanga sakafuni sebuleni na kuzizunguka kwa magoti.

"Sikujua kama nashika kikombe hivi," akasema. Baadaye akasema tena, "Hapa alikuwa amelala chini. Tazama. Ili avipate viatu namna hii lazima alilala chini kabisa." Na mpiga picha wa mji mzima, suruali yake ya kazi imenyooshwa, akalala kifudifudi mlangoni kuangalia mahali mkewe alipokuwa anaangalia. Alikaa hapo hata chai ikapoa.

Baada ya hapo tukakosa amani, na nasema kwa upendo. Shuka jeupe lilirudi kitandani na kigoda kikarudi studio. Fleshi akawa anachuchumaa jikoni, anapanda juu ya stuli, anajibanza nyuma ya mlango. Hakuna tena wa kukwambia utulie. Amenipiga nikiwa na pini mdomoni. Amepiga miguu yangu kwenye cherehani, nami nikamwuliza, "Sasa hii ni picha ya nini?" Akanijibu kwa utulivu kabisa, "Ya Dada." Nilitaka kumkejeli, nikaendelea kushona.

Huzuni haikuhama. Kuna jioni bado anaisahau sahani mbele yake, na kuna asubuhi Kasuku anaamka akimwita asiyekuwepo. Uso wa wifi hatuna, ukitoa ule wa kitambulisho, na hakuna dawa ya kuutoa tena kwenye zile karatasi nyeupe. Fleshi hakuzitupa. Amezihifadhi kwenye albamu kila moja mahali pake, na Kasuku anajua ipi ilikuwa ipi.

Siku Kasuku alipoomba kamera ya mama yake, Fleshi aliiteremsha kwenye msumari bila kuuliza neno. Mtoto akaiweka mezani kwanza. Akaenda uani, akamimina maji kwenye beseni, akachukua sabuni, akajisugua uso wote mpaka nyuma ya masikio. Kisha akachungulia kwenye kioo cha studio kuhakikisha. Mimi na Fleshi tulikuwa tumesimama jikoni, tunajifanya tunatafuta viberiti.

Akarudi, uso unang'aa maji, akatuambia tuendelee na kazi zetu. Nikaendelea kukunja sare. Fleshi akashika kikombe chake. Kasuku akainua kamera kwa mikono miwili, akafumba jicho moja, na kile kidole chake kidogo, bila kutumwa na mtu, kikateleza taratibu kikaja kukaa mbele ya lenzi.

Mimi ni mimi. Nikafungua mdomo. "Kasuku, toa ki—"

Fleshi akanishika mkono.

"Mwache, Dada," akasema. "Tutatoka wote."